Namna ya Kusoma Tamthilia za Australia Zinazouliza Nani ni wa Hapa

Usianze na historia ya nchi nzima wala na orodha ndefu ya waandishi. Chukua tamthilia tatu, uzisome kwa mfuatano wa miaka zilipoonyeshwa, na katika kila moja utafute kifaa ambacho wahusika wanakigombania, wanakihesabu au wanakitunza. Naona njia hii inafaa kuliko kuanza na neno zito kama utambulisho, kwa sababu utambulisho hauonekani kwa macho jukwaani. Kinachoonekana ni mtu anayeomba kipande cha sabuni na mwingine anayemnyima.

Ya kwanza iwe Summer of the Seventeenth Doll ya Ray Lawler, iliyoonyeshwa Melbourne mwaka 1955. Roo na Barney ni wakata miwa wanaotoka Queensland kila kiangazi, kazi inaposimama, na kukaa miezi mitano katika nyumba ya Olive mtaani Carlton, na kila mwaka Roo humletea Olive mwanasesere. Wahesabu wanasesere hao, kisha jiulize kwa nini mwanamke mzima anawatunza. Soma mazungumzo kwa sauti, kwani mvuto wake kwa hadhira ya wakati ule ulitokana pia na kusikia Waaustralia wa kawaida wakisema kama wanavyosema majumbani mwao. Roo anapomtaka Olive waoane, Olive anakataa, na hapo utaona kwamba mtu anaweza kupoteza mahali pake bila kufukuzwa na yeyote. Kabla ya kufunga kitabu, angalia pia nani hayumo kabisa katika nyumba ile: hakuna Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, hata mmoja miongoni mwa wahusika.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye No Sugar ya Jack Davis, iliyoonyeshwa Perth mwaka 1985, na uipe muda mrefu kuliko nyingine zote. Onyesho la kwanza lisome mara mbili. Ni mwaka 1929, katika kambi ya Waaborijini iliyo kando ya mji wa Northam, Australia Magharibi. Kijana Joe anasoma gazeti kwa sauti, akikwama kwenye maneno magumu, habari za sherehe za miaka 100 ya jimbo hilo. Karibu naye mama yake na bibi yake wanachambua nguo za kufua, na mjomba wake Jimmy ananoa shoka. Mara ya kwanza fuata maneno ya gazeti peke yake. Mara ya pili fuata mikono ya watu wanaosikiliza. Sherehe inayosomwa ni ya nchi yao wenyewe, lakini wao wanaisikia kama habari ya mbali.

Kisha andika kando ya kitabu kila mahali posho inapotajwa. Utaona sabuni ikiondolewa kwenye posho ili serikali ibane matumizi, na baadaye familia hiyohiyo ikihamishiwa Moore River, makazi ya Waaborijini yaliyoendeshwa na serikali, kwa madai kwamba kambi yao ina upele. Anayesimamia mambo hayo ni A. O. Neville, mtu aliyekuwepo kweli, ambaye tangu mwaka 1915 alikuwa na cheo cha Mlinzi Mkuu wa Waaborijini katika jimbo hilo. Ukiyaweka maneno ya kiofisi anayoyatumia karibu na ile sabuni iliyoondolewa, hutahitaji mtu akueleze maana ya ulinzi huo. Jina la tamthilia lenyewe linakuja kupata uzito karibu na mwisho, siku ya sherehe ya taifa, pale wakazi wa Moore River wanapogeuza maneno ya wimbo wa dini na kuimba kwamba chai yao haina sukari.

Maneno ya Nyungar, lugha ya Waaborijini wa sehemu hiyo, usiyaruke. Yaandike katika daftari pamoja na jina la anayesema, anayeambiwa, na kama kuna askari au ofisa karibu. Neno wetjala, kwa mfano, humtaja mzungu, na limetokana na Kiingereza kilichopindwa kufuata ulimi wa wenyeji. Yaani hata jina la mgeni limepewa sauti ya nyumbani. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika tamthilia hii.

Stolen ya Jane Harrison, iliyopanda jukwaani Melbourne mwaka 1998, inahusu watoto watano wa Kiaborijini walioondolewa kwa familia zao. Matukio yake hayafuati mpangilio wa miaka, kwa hiyo gawa karatasi safu tano, moja kwa kila mtoto, ujaze kadiri unavyosoma. Vifaa vya kuangalia ni vitanda vitano na kabati la majalada. Mwishoni waigizaji huacha majina ya wahusika na kusema habari zao wenyewe, kwa hiyo maneno ya hapo hubadilika kulingana na walio jukwaani.

Ukikusudia kuonyesha mojawapo mbele ya hadhira, omba kwanza ruhusa kwa wenye haki za kazi hiyo, na nafasi za Waaborijini wapewe waigizaji Waaborijini, kama inavyotarajiwa katika tamthilia ya Australia leo.

Baada ya hizo tatu, ongeza Counting and Cracking ya S. Shakthidharan, iliyoonyeshwa Sydney mwaka 2019 ikiwa na waigizaji 16. Humo mama aliyetoka Sri Lanka na mwanawe aliyekulia Australia wako kwenye mto Georges, Sydney, kumwaga majivu ya bibi wa kijana huyo. Anza kwa kuyafuata majivu hayo.