Kufunika rejeta ya lori la dizeli kwa baridi ya Timboroa

Lori tupu likirudi kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, usiku wa Julai, geji ya joto huanza kushuka mara tu baada ya Burnt Forest. Ilikuwa nyuzi 85, sasa ni 70, na kabla ya Timboroa inanusa 60. Hita inapuliza hewa baridi, egzosti inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, na taniboi, msaidizi wa dereva, amejifunika hadi puani. Barabara hapo iko juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, karibu mita 900 kuzidi Nakuru. Dawa ya haraka inayojulikana ni kipande cha katoni mbele ya rejeta, ili upepo wa baridi usiipige. Inasaidia, ila mara nyingi inatibu ugonjwa usio wake, na katoni ikisahaulika hapo mpaka jua litoke, inaleta ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kukata katoni wala turubai, kagua themostati.

Huku kwetu malori mengi hayana. Siku moja lori lilichemka, fundi akaitoa "maji yatembee", na ikaishia hapo. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa kawaida 82 hivi, kisha kuyaachia kidogo kidogo. Ikiwa haipo, maji yanapoozwa tangu unapowasha. Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye injini nyingi za lori, themostati ina sahani ya pili upande wa chini, inayoziba njia ya mkato ya maji wakati themostati inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana lori lile lile linaganda Timboroa likiwa tupu, na linachemka likiwa na mzigo likipanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan. Halafu fundi analaumu rejeta.

Kupima ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, uache iungurume, kisha ushike mpira wa juu wa rejeta kila baada ya dakika moja au mbili, mkono na nguo vikae mbali na feni na mikanda. Mpira unatakiwa ubaki baridi mpaka geji ikaribie 80, halafu uwe wa moto ghafla. Ukianza kupata joto polepole tangu mwanzo pamoja na injini, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi.

Ukiitoa kuikagua, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma chake, kwa mfano 82. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba hiyo, nyuzi mbili tatu huku au kule si neno. Iliyoandikwa 82 hufunguka yote kwenye 95 hivi, na hapo watu wa Nakuru hudanganyika: mjini Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo hutaiona ikifunguka yote hata ukiongeza moto. Usiitupe kwa sababu hiyo. Itupe ikiwa imeanza kufunguka kwenye 65, au ikiwa haifungi maji yakipoa. Injini nyingine kubwa zina themostati mbili. Badilisha zote pamoja, uweke gaskiti mpya, na kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kikae juu, kwani ndicho kinachotoa hewa.

Ukishafanya hayo, je, kifuniko bado kina kazi? Kinayo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Themostati ikiwa imefunga, rejeta haipoozi chochote, ila upepo wa baridi unapita kati yake na kupiga bloku, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mipira. Injini ya dizeli isiyo na mzigo huzalisha joto kidogo sana, maana inachoma mafuta machache na kumeza hewa nyingi. Kwenye lori tupu, kwenye mteremko mrefu, au kwenye foleni ya usiku inayochukua muda wa saa tatu, upepo huo unaweza kuishinda. Injini ikikaa chini ya 70 kwa muda mrefu, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu. Vuta dipstiki: kiwango kikipanda badala ya kushuka, na oili ikinuka dizeli, usingoje kilomita za sevisi, badilisha.

Vifuniko hivi asili yake ni sehemu za theluji, kama Canada na Alaska, ambako dereva hukifunga mwanzo wa majira ya baridi na kukitoa baada ya miezi. Huku dereva anatoka kwenye baridi ya Timboroa na kufika kwenye joto la Kisumu ndani ya saa chache. Cha kwetu kinatakiwa kiwe cha kufunga na kufungua kwa dakika mbili, gizani, bila spana.

Katoni iache kwa dharura. Ikilowa inalegea, inagandamana na mapezi ya rejeta, na vipande vyake vinaweza kuvutwa na feni. Tafuta turubai nzito, hata kipande kilichobaki kwenye turubai la mzigo, umpelekee fundi wa turubai. Pima grili upande wa nje. Tuseme ni sentimita 90 kwa 70: kata 98 kwa 78, ili upate pindo la sentimita 4 kila upande, lishonwe mara mbili. Weka matundu yenye pete za chuma kwenye pembe nne, na moja katikati ya kila ukingo mrefu. Hapo una sita.

Sasa tundu la katikati, ambalo ndilo watu wanaliruka. Robo ya eneo lote iachwe wazi daima. Kwenye grili ya 90 kwa 70 eneo ni sentimita za mraba 6,300, kwa hiyo tundu la 40 kwa 40 linatosha. Lisiwe na kifuniko chake, usije ukashawishika kulifunga. Likae sawa na kitovu cha feni, si katikati ya grili kwa macho tu. Chungulia ndani uone feni iko wapi. Sababu ni mbili. Kwanza, feni nyingi za klachi zina kihisio cha joto mbele, katikati, kinachosubiri hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ndipo klachi ishike. Ukiziba hapo, feni haipati habari kwamba injini imechemka. Pili, ukifunika nusu moja ya rejeta, kila panga la feni linapita penye upepo na pasipo na upepo kwa kila mzunguko, na kule kupindwa kusikokoma ndiko hatimaye hulipasua.

Funga kwa blada za mpira wa tube ya gurudumu, upana wa sentimita 3, zenye kulabu za waya mwishoni. Kulabu zishike grili au fremu, kamwe zisishike kondensa ya ac wala mapezi ya intakula, ile rejeta ndogo ya kupooza hewa inayotoka kwenye tabo. Kifuniko kikae nje ya grili, pale unapokiona ukipita mbele ya lori. Kisifunike taa wala namba ya gari.

Intakula ina neno lake. Kwenye malori mengi yenye tabo hukaa mbele ya rejeta, kwa hiyo kifuniko kinaifunika pia. Hewa inayoingia kwenye injini inakuwa ya moto zaidi, nguvu inapungua, na joto la egzosti linapanda, hasa ukikanyaga mlimani na mzigo. Hapo ndipo kanuni ya matumizi inapotoka: kifuniko ni cha lori tupu au lenye mzigo mwepesi, usiku. Ukiwa na tani 25 kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, hata kama kuna ukungu na meno yanagongana, kiache kwenye kabini. Mlima wenyewe utaipasha injini.

Ukitoka Malaba ukiwa tupu, kifunge Eldoret unapojaza mafuta, si kando ya barabara gizani. Kitakusaidia Timboroa, na hata kwenye mteremko wa Sachangwan, ambako injini inayoshikiliwa na breki ya egzosti haichomi mafuta na hupoa haraka. (Wapo wanaoteremka pale gia ikiwa fri wakidhani wanaokoa dizeli. Injini inapoa vilevile, na breki zinabaki peke yao kuzuia lori zima.) Kitoe Salgaa. Ukishika njia ya Kisumu kutoka Mau Summit, kitoe Kericho, kabla ya kuteremkia Awasi na Ahero. Huko chini hata usiku hakina kazi.

Barabarani geji ikae kati ya 80 na 92. Ikifika 95 simama mahali salama ukitoe. Usingoje geji kama feni imeanza kunguruma mfululizo kwenye barabara tambarare, au ac imeacha kupooza ghafla; kondensa iliyokosa hewa hulalamika mapema kuliko geji. Ikiwa imechemka kabisa, usifungue kofia ya rejeta. Kofia nayo uiangalie ukiwa nyumbani, kwa sababu Timboroa maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na kofia inayovuja inakuachia nafasi ndogo sana juu ya 82 ya themostati.

Kuwasha asubuhi hakuhitaji sherehe. Dakika tatu hadi tano, kisha ondoka taratibu chini ya mizunguko 1,800 kwa dakika mpaka geji ipite 60. Kuacha injini iungurume saa nzima kunaipasha polepole mno, na kunaijaza masizi. Na karai la makaa chini ya sampu liache: oili na dizeli iliyovuja pale chini haisubiri kuambiwa mara mbili.

Ili usikisahau, kila ukikifunga funga kitambaa chekundu kwenye usukani, na ukikitoa toa vyote viwili. Kianike kikauke kabla ya kukikunja. Turubai likikunjwa na maji huoza kwenye mishono, na pete za chuma ndizo hung'oka kwanza.