Kusafisha orodha ya makontena kwa makro, kutoka Excel hadi Access

Meli ikishusha mizigo Kilindini, ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa hupokea orodha za makontena kwa barua pepe, na kila mtumaji ana mwandiko wake. Huyu kaandika ABCU1234567, yule ABCU 123456-7, wa tatu kaacha nafasi mwishoni ambayo jicho haliioni. Kwa mtu hilo ni kontena moja, kwa kompyuta ni matatu. Karani akizirekebisha moja moja hadi magharibi huchoka, na aliyechoka hukosea tarakimu. Kazi ya aina hii ipewe makro, yaani mfululizo wa hatua unaorekodiwa mara moja ili kompyuta iurudie yenyewe, karani abaki na ile inayotaka akili: kuhakikisha mzigo umetoka kabla siku za bure hazijaisha na gharama za kuhifadhi kuanza kupanda.

Mfano wangu una safu A hadi F zenye data, namba za kontena zikiwa safu B, na G ikiwa tupu.

Hatua ya 1: Tengeneza nakala. Usiguse faili asili. Makro ikishapita, Ctrl+Z hairudishi ulichokuwa nacho.

Hatua ya 2: Anza kurekodi. Nenda View, kisha Macros, kisha Record Macro. Jina lisiwe na nafasi: SafishaOrodha. Panapouliza makro ihifadhiwe wapi, chagua Personal Macro Workbook. Wengi hupita hapa haraka, kisha kesho yake wakifungua orodha mpya makro haionekani. Orodha huja katika faili jipya kila mara, kwa hiyo makro lazima ikae mahali inapofikiwa na mafaili yote.

Hatua ya 3: Fanya kazi yenyewe. Bonyeza kichwa cha safu B ili uchague safu hiyo peke yake. Ukiacha ukurasa wote ubadilishwe, majina ya wateja yatashikana. Bonyeza Ctrl+H, weka nafasi kwenye kisanduku cha juu, cha chini kiache kitupu, kisha Replace All. Rudia kwa kistari.

Kuna nafasi nyingine inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti. Inafanana na ya kawaida ila kompyuta inaihesabu kuwa herufi namba 160, na hiyo haifutiki kwa njia uliyotumia sasa hivi. Shikilia Alt, andika 0160 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, kisha ubadilishe tena.

Sasa kwenye G2 andika:

=IF(LEN(B2)=11,"","KAGUA")

Namba ya kontena ina herufi 4, tarakimu 6, na tarakimu 1 ya uhakiki, jumla 11. Bonyeza mara mbili kona ya chini kulia ya seli G2 ili fomula ishuke mpaka chini, halafu Stop Recording. Mstari wenye KAGUA mpigie simu aliyetuma orodha, usikisie. Na ujue kuwa urefu hautambui tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Hapo jicho la karani bado linahitajika.

Hatua ya 4: Rekebisha mstari wa mwisho. Hii ndiyo hatua inayotenganisha makro ya kuaminika na ya kubahatisha. Kinasa sauti hurudia kile kilichosemwa tu, na kinasa cha Excel ni vivyo hivyo: kama leo orodha iliishia mstari wa 48, kesho itaishia 48 hata kama kuna makontena 90. Yale ya chini yatapita bila kukaguliwa na hakuna onyo litakalotokea.

Bonyeza Alt+F11, tafuta PERSONAL.XLSB upande wa kushoto, fungua Module1. Futa mistari yote inayotaja G2, pamoja na ule unaoanza na ActiveCell.Formula, mahali pake weka:

mwisho = Cells(Rows.Count, "B").End(xlUp).Row
Range("G2:G" & mwisho).Formula = "=IF(LEN(B2)=11,"""",""KAGUA"")"

Mstari wa kwanza unaanzia chini kabisa ya ukurasa na kupanda hadi kukutana na namba ya mwisho ya kontena. Jaribu kwa orodha fupi, kisha ndefu. Kuiendesha ni Alt+F8. Ukifunga Excel na kuulizwa kama uhifadhi mabadiliko ya Personal, kubali.

Hatua ya 5: Ingiza Access. Kwenye jedwali la Access, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data, ufunguo mkuu (kitambulisho cha kila mstari kisichoruhusiwa kujirudia) uwe namba ya kontena pamoja na namba ya hati ya shehena. Kontena peke yake haitoshi, maana sanduku lilelile litarudi bandarini siku nyingine na mzigo wa mtu mwingine. Hati peke yake pia haitoshi, kwani moja huweza kubeba makontena mengi.

Hifadhi orodha iliyosafishwa kwa jina moja kila siku, tuseme safi.xlsx, katika folda ileile, kisha uifunge. Iingize mara moja kwa mkono, na mwishoni weka alama kwenye Save import steps. Kisha tengeneza makro ya Access yenye kitendo RunSavedImportExport na uchague hatua ulizohifadhi. Access inakumbuka njia ya faili, ndiyo maana jina lisibadilike. Mistari iliyokwisha kuingia itakataliwa na ufunguo.

Faili lenye makro likikujia kwa barua pepe kutoka kwa usiyemjua, usiliruhusu liendeshe chochote. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na kizuizi hicho kiache kilivyo mpaka umpigie aliyetuma.