Jinsi ya kuitoa simu chumbani bila ugomvi

Mke wangu hakusema simu inamkera. Alisema tu, "Baba Zuhura, zima taa," na taa tulishaizima tangu saa nne. Alichokiona ni mwanga wa kioo ndani ya chandarua, nami nacheka peke yangu na video ya jamaa aliyeanguka na baiskeli.

Nilikuwa na bando la usiku. Mnalijua: bei chee, linaanza saa sita, likifika alfajiri limekwisha, kwa hiyo unaona hasara kulala hujalimaliza. Anza hapo. Liache. Ukikesha kuisubiri saa sita, mwenzako ameshaugeukia ukuta.

Pili, hamisha chaja. Yetu ilikuwa kwenye soketi ya kichwani mwa kitanda; nikaipeleka sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Visingizio vitakuja. Kuamka? Nunua saa ya kengele ya betri, Kariakoo zimejaa. Dharura? Mama yangu yuko Handeni na ana presha, kwa hiyo sikuizima. Nimewasha ile hali ya kutosumbuliwa, nikaruhusu namba yake na ya kaka yangu ziite. Magrupu ya WhatsApp yasubiri asubuhi.

Kama mkeshaji ni mwenzako, usilizungumze kitandani, na usianze na "wewe kila siku." Liseme mchana, mkiwa mnachambua mchele, na simu yako ndiyo itangulie sebuleni. Halafu usiipekue ya kwake. Ukiipekua tu, hoja si usingizi tena, ni nani anachati na nani, na hapo hamtoki.

Sasa jiandae, maana siku za mwanzo ni ngumu. Sisi tulilala kama abiria wa basi la mikoani, kila mtu na siti yake. Usikimbilie tendo, mtu uliyempa mgongo miezi hawashwi kama jiko la gesi. Mwulize habari za mchana. Wangu anashona, akanieleza mteja aliyechukua sare tatu bila kulipa, kisha nikagundua alishahama kikundi chake cha vikoba tangu Ramadhani. Mimi sina habari! Usiku wa tisa akaniwekea miguu yake ya baridi juu ya yangu, kama zamani. Mengine ni yetu.

Simu ikishatoka na hamu bado haijarudi, nendeni hospitali. Kisukari kinaweza kuiondoa, na baadhi ya dawa za presha pia.

Kwa walio mbalimbali, mmoja Muscat mwingine Tanga, haya hayawahusu. Kwenu simu ndiyo chumba.

Siku hizi mvunja sheria ni mke wangu, kwa sababu ya tamthilia ya Kituruki. Tumekubaliana Alhamisi simu iingie, lakini tunaitazama wawili, na mimi ndiye ninayeishika.