Jinsi ya kuagiza kipoza joto cha kompyuta kutoka nje na kukitoa forodhani bila kukwama

Kompyuta ya mezani ikianza kuvuma mpaka chumba cha pili, na kazi uliyoifungua ikaanza kukwamakwama baada ya dakika kumi, wengi hukimbilia kuagiza kipoza kikubwa kuliko vyote kutoka nje. Wiki kadhaa baadaye kifurushi kimezuiwa forodhani, au kimefika na mfuniko wa keisi haufungi. Nimeagiza vifaa vya namna hii mara nyingi, na kila nilipokwama chanzo kilikuwa kilekile: kipimo ambacho sikukichukua, au karatasi ambayo sikuidai, kabla ya kulipa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mezani, keisi ikiwa wazi mbele yako.

Hatua ya kwanza: jua unachougua

Weka programu ya kusoma joto kama HWiNFO. Iache kompyuta itulie dakika kumi, andika joto la prosesa, kisha ipe kazi nzito kwa dakika kumi nyingine (programu ya majaribio ya Cinebench inatosha) na uandike tena, pamoja na kasi ya prosesa na joto la chumba. Usiogope namba kubwa peke yake. Prosesa za AMD za Ryzen mfululizo wa 7000 zimeundwa ziweze kufanya kazi hadi nyuzi 95, na prosesa nyingi za mezani za Intel zina kikomo cha nyuzi 100. La kuangalia ni kasi: ikiwa joto limegonga kikomo na kasi imeshuka chini ya ile ya msingi iliyotangazwa na mtengenezaji, hapo kweli kipoza kimeshindwa.

Sasa toa ubavu wa keisi na urudie jaribio lilelile. Joto likishuka kwa nyuzi nyingi, kipoza chako hakina kosa. Hewa ndiyo haipiti. Safisha vichujio vya vumbi, hakikisha feni za mbele zinaingiza na ya nyuma inatoa, na pengine unahitaji feni mbili za milimita 120 tu. Joto lisiposhuka, tatizo liko pale prosesa inapokutana na hitisinki, yaani kitalu cha chuma chenye mapezi cha kipoza.

Hapo usiagize chochote kabla ya kukifungua kipoza ulichonacho. Kimoja nilichokifungua kilikuwa na pasta ya joto (ile inayojaza mwanya kati ya prosesa na hitisinki) iliyokauka ikawa kama chokaa ya ukuta mkongwe. Kwenye pembe ilikuwa nene, na katikati, ambako joto ndiko linakotoka, ilikuwa imepasuka. Niliifuta kwa pombe ya isopropili, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya dengu, nikakaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe. Kipoza hichohicho kilifanya kazi miaka mingine miwili. Ukipuliza vumbi, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo mkali unaweza kuyazungusha kupita kasi yake na kuumiza beringi.

Hatua ya pili: soketi, urefu, na wati za kweli

Ikithibitika kwamba kipoza hakitoshi, chukua rula na karatasi. Andika jina kamili la ubao mama na soketi yake, yaani mahali prosesa inapochomekwa. Soketi za Intel za LGA1150, 1151 na 1200 zina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 75. LGA1700, iliyotoka 2021, ina milimita 78, na prosesa yake imekaa chini zaidi. Kwa hiyo hata ukilazimisha skrubu ziingie, kitako cha kipoza hakitagusa sawasawa. Upande wa AMD, matundu ya soketi za AM4 na AM5 yanalingana, lakini bamba la nyuma la AM5 limefungwa pamoja na soketi yenyewe. Kipoza cha AM4 kinachokuja na bamba lake la kubadilisha hakitakubali.

Pima kutoka juu ya prosesa hadi kwenye mfuniko wa keisi. NH-D15 ya Noctua, kwa mfano, ina urefu wa milimita 165, na keisi nyingi nyembamba hazifiki huko. Angalia pia memori ndefu zilizo jirani na soketi, kwa sababu feni ya mbele huwa juu yake.

Na wati: namba ya TDP (wati za joto anazotangaza mtengenezaji) kwenye boksi la prosesa si kiasi cha juu cha umeme inachokula. Prosesa za AM4 zilizoandikwa wati 105 huruhusiwa kupokea hadi wati 142 kwenye soketi, na Core i9-13900K ina kikomo cha wati 253. Chagua kipoza kwa namba hiyo ya juu.

Hatua ya tatu: omba seti ya kufungia kabla ya kununua kipoza kipya

Hatua hii watu huiruka, na inaniuma kila ninapoona kipoza kizuri kimetupwa kwa sababu ubao mama umebadilika. Mara nyingi kinachokosekana ni vipande viwili vya chuma na skrubu nne. Baadhi ya watengenezaji huvitoa kwa maombi. Noctua ya Austria kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa wateja seti za soketi mpya bila malipo, kwa sharti la kuonyesha ushahidi wa ununuzi wa kipoza pamoja na ubao mama au prosesa mpya.

Maombi yenyewe ni fomu ya mtandaoni. Kabla ya kuifungua, andaa picha ya ankara ya kipoza inayosomeka tarehe, jina la duka na jina kamili la bidhaa. Picha ya ankara ya ubao mama au prosesa. Na anwani yako iliyoandikwa kama posta inavyoitambua, pamoja na namba ya simu yenye msimbo wa nchi. Fomu nyingi hukataliwa au huchelewa kwa sababu ya anwani. Kama eneo lako hutumia sanduku la posta, liandike hilo, usibuni jina la mtaa. Jina kwenye fomu lifanane na la kitambulisho chako, kwa kuwa ndilo litakaloandikwa kwenye kifurushi na ndilo utakaloulizwa dirishani.

Bahasha ya seti hiyo bado hupita forodhani. Muombe mtengenezaji aandike thamani halisi ya vipande hata kama hukulipia. Kitu cha bure nacho kina thamani, na sifuri kwenye tamko huzua maswali.

Hatua ya nne: agiza, na udai karatasi zako

Ukilazimika kununua kipoza chenyewe, muulize muuzaji mambo haya kwa maandishi kabla ya kulipa: atatuma kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji, nani atalipa kodi za kuingiza, na tamko la forodha litasomekaje. Ukiona masharti ya DDP, muuzaji amebeba ushuru na kodi hadi mlangoni. Ukiona DAP, hizo ni zako.

Uzito pia huamua gharama. Kampuni za usafirishaji wa haraka hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, na kwa kawaida huupata wa pili kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita na kugawa kwa 5000. Boksi la sentimita 30 kwa 25 kwa 20 litahesabiwa kilo 3, ingawa kilichomo ni kilo moja na nusu. Muombe muuzaji asiweke boksi ndani ya boksi kubwa mno, ila pembe zilindwe vizuri, maana mapezi ya alumini hupinda kirahisi.

Usiagize pombe ya isopropili pamoja na kipoza. Ni kimiminika kinachowaka, na kanuni za usafiri wa anga huihesabu kuwa bidhaa hatari. Chupa moja inaweza kuzuia kifurushi kizima. Pasta ya metali ya kimiminika nayo iache. Ina galiamu, ambayo huila alumini na imo kwenye orodha ya vitu hatari vya usafiri wa anga. Pasta ya kawaida, ile ya kijivu au nyeupe, haina shida hiyo.

Sasa tamko. Kwa njia ya posta, kifurushi huambatana na fomu ya CN 22 au CN 23 za Umoja wa Posta Duniani. Ya kwanza ni ya vitu vidogo visivyozidi thamani ya SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), ya pili ni ya vilivyozidi. Tangu Januari 2021 taarifa hizo hutakiwa pia kutumwa kielektroniki kabla ya kifurushi chenyewe, kwa hiyo forodha ya kwenu inaweza kuwa imesoma maelezo kabla ndege haijatua. Maelezo yaseme kitu kwa jina lake: "kipoza joto cha prosesa ya kompyuta, alumini na shaba, kimoja, kipya", kwa lugha inayokubalika huko, na thamani iwe sawasawa na ankara. Msimbo wa bidhaa wa hitisinki isiyo na feni kwa kawaida ni 8473.30, sehemu za kompyuta. Feni peke yake huangukia 8414.59. Hitisinki yenye feni huwekwa kwenye mojawapo kulingana na nchi, na uamuzi ni wa afisa. Inafaa kujua kwamba nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Teknolojia ya Habari wa 1996 hazitozi ushuru wa forodha kwa sehemu za kompyuta za 8473.30, ingawa kodi ya ongezeko la thamani hubaki.

Muuzaji mmoja aliwahi kuniandikia "zawadi, vifaa vya plastiki", akidhani ananisaidia. Kwenye mashine ya kukagua kikaonekana kitalu cha chuma chenye mapezi, na thamani iliyoandikwa ilikuwa robo ya ile ya ankara yangu. Nilikaa wiki tatu nikieleza kosa ambalo sikulifanya. Tangu hapo humwandikia muuzaji sentensi moja kabla ya kulipa: tafadhali andika jina halisi na bei halisi.

Hatua ya tano: kuomba kifurushi kiachiliwe

Namba ya ufuatiliaji ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi kilikotoka. Fuatilia kwa kuiandika mwenyewe kwenye tovuti ya posta au ya kampuni iliyobeba. Ujumbe wa simu unaokutaka ubonyeze kiungo ulipie "ada ndogo ya forodha" usiuguse. Wizi wa namna hiyo umeenea nchi nyingi.

Hali ikionyesha kwamba kimezuiwa kwa ukaguzi, peleka kwa pamoja nakala ya kitambulisho, namba yako ya mlipakodi, ankara, uthibitisho wa malipo kutoka benki au kadi, na picha ya ukurasa wa bidhaa. Uthibitisho wa malipo ndio hubeba uzito, kwa kuwa ankara mtu anaweza kujiandikia. Chini ya Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa Uthamini wa Forodha, msingi wa kwanza wa kukadiria ni bei uliyolipa kweli. Mkataba huo huiachia kila nchi iamue kama nauli na bima vinaingizwa, kwa hiyo usishangae kodi ikipigwa juu ya jumla iliyozidi bei ya kipoza.

Makadirio yakizidi ulicholipa, una haki ya kuomba yapitiwe upya bila kuadhibiwa kwa kuomba. Andika kwa utulivu na kwa ufupi:

*Yah: Maombi ya kupitiwa upya thamani ya kifurushi namba (andika namba)*

*Mimi ni mpokeaji wa kifurushi kilichotajwa hapo juu, chenye kipoza joto kimoja cha prosesa kwa matumizi yangu binafsi. Thamani iliyokadiriwa imezidi kiasi nilichomlipa muuzaji. Naambatanisha ankara, taarifa ya benki inayoonyesha malipo hayo, na risiti ya nauli. Naomba thamani irekebishwe kulingana na nyaraka hizi, na endapo maombi yatakataliwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi.*

Sentensi ya mwisho usiiache. Ukipewa sababu kwa maandishi unaweza kukata rufaa. Uliza pia siku za hifadhi bila malipo, maana ada ya ghala ikianza kuhesabiwa inaweza kukulazimu ulipe kwanza na kudai marejesho baadaye.

Kikifika

Piga picha boksi pande zote kabla ya kulifungua, kisha kitako cha kipoza na mapezi. Angalia nailoni nyembamba kwenye kitako. Ukiisahau pale, joto litapanda ndani ya sekunde chache na utadhani umeuziwa kibovu. Chomeka feni kwenye tundu la ubao mama lililoandikwa CPU_FAN, rudia vipimo vya hatua ya kwanza, na ulinganishe kwenye karatasi ileile.

Ikiwa kweli ni kibovu na mtengenezaji ameomba ukirudishe, usikitume kimyakimya. Nenda forodhani kwanza na ankara ya awali, risiti ya kodi uliyolipa na barua ya mtengenezaji inayokubali kubadilisha, uombe kitambuliwe rasmi kama bidhaa inayotoka kwa matengenezo au kubadilishwa chini ya dhamana. Namba ya kipoza, kama kinayo, iandikwe kwenye fomu ya kutoka. Cha kubadilisha kikirudi, ambatanisha fomu hiyo na barua ileile. Bila karatasi hizo, forodha itakihesabu kuwa ununuzi mpya, nawe utatozwa mara ya pili.