Kabla ya kununua prosesa kongwe yenye kori nyingi

Idadi ya kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, isikuteke kabla hujaitazama kompyuta unayotumia sasa. Fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, kisha fanya kazi zako za kila siku. Kori zote zikijaa kwa dakika nyingi mfululizo, kama wakati wa kurenda (kuzalisha) picha za 3D au kuendesha kompyuta pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kadhaa kwa pamoja, una sababu ya kutafuta kori 16 au 32. Lakini kori moja ikihema huku nyingine zimelala, prosesa kongwe itakupunguzia kasi, maana kori yake moja huenda polepole kuliko ya prosesa mpya ya kawaida. Na hesabu haibembelezwi: kazi ambayo asilimia 10 yake haigawanyiki haitaongezeka kasi kupita mara 10, hata uipe kori 64.

Chukua Threadripper 1950X ya AMD, iliyotoka 2017: kori 16, nyuzi 32 (kila kori hushika kazi mbili kwa pamoja), wati 180. Ryzen 9 5950X ya 2020 nayo ina kori 16, tena zenye kasi zaidi, kwa wati 105 za kiwandani. Ya zamani inabaki na fahari ya njia: njia 4 za RAM dhidi ya 2, na njia 64 za PCIe, zinazounganisha kadi na diski, dhidi ya 24. Kama utapachika kadi za grafiki mbili au tatu pamoja na diski za kasi, hapo ina maana. Vinginevyo, mimi ningechukua 5950X bila kusita. Iogope zaidi Threadripper 2990WX ya 2018. Kori 32 zinavutia, ila zimegawanywa katika vipande vinne, na ni viwili tu vinavyoifikia RAM moja kwa moja. Kazi zinazotegemea sana RAM hukwama.

Jambo linaloumiza watu wengi zaidi ni mazabodi, ubao mkuu unaopachikwa prosesa. Usilipie prosesa kabla hujapata mazabodi yake, nzima, mkononi. Soketi (kiti cha prosesa) ya TR4, inayotumiwa na 1950X na 2990WX, na ile ya sTRX4 iliyoifuata 2019 zinafanana kwa macho, lakini prosesa ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine. Pini, zaidi ya 4,000, ziko kwenye soketi na si kwenye prosesa, kwa hiyo omba picha ya karibu ya soketi ikiwa tupu. Pini moja iliyopinda inatosha kuharibu mpango mzima.

Angalia pia mfumo endeshi. Kizazi cha kwanza cha Threadripper, ndimo ilimo 1950X, hakimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Linux, hilo halikuhusu. Kipoza joto nacho kiwe na bamba linalofunika mgongo wote wa prosesa.

Ukiruhusiwa kujaribu, ipe kori zote mzigo kwa nusu saa huku ukifuatilia joto na kasi. Kisha hesabu RAM inayoonekana. Kipande kimoja cha RAM kikikosekana, usikimbilie kusema RAM ni mbovu: skrubu za soketi huenda zilikazwa bila kufuata mpangilio wa 1, 2, 3 ulioandikwa pale pale. Zifungue kwa kurudi nyuma, 3, 2, 1, kagua pini, kaza upya, kisha washa tena.