Kurekodi albamu ya kasida na kikundi cha wanaume, bila ya studio

Juzi nimemaliza kumsaidia kijana mmoja hapa Unguja aliyetaka kurekodi kikundi chao cha maulidi ya homu, na maswali aliyokuwa akinitumia ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Kikundi ni cha wanaume watupu: msomaji, safu ya waitikiaji, wapiga matari. Kasida zenyewe ni zile ambazo kila mtu aliyehudhuria maulidi anaziitikia bila ya kutazama kitabu. Kama unarekodi taarabu yenye fidla na kanuni, huu si mwongozo wako.

Msimamo wangu nauweka mapema: kikundi kinarekodiwa pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja. Studio nyingi zitataka kila mtu aingie peke yake, avae hedifoni na afuate mdundo wa kompyuta. Kwa bongo fleva sawa. Homu huanza taratibu ikapanda kidogo kidogo, na hakuna kompyuta inayojua msomaji ataipandisha lini. Waitikiaji wenyewe wanajua kwa kuwa mabega yamegusana.

Hatua ya 1: Kasida

Chagueni mnazozijua kwa moyo. Mbili za akiba. Kila chuo cha Kurani kina mahadhi yake, kwa hiyo kubalianeni mapema mnafuata ya nani, wazee wakiwepo. Maneno ya Kiarabu yapitiwe na ustadhi kabla ya siku ya kurekodi, maana irabu iliyovutwa pasipo mahali pake hubadilisha maana, na kwenye albamu kosa hilo halifutiki.

Msikate beti ili wimbo uwe mfupi. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi, hawakuwa na la kufanya. Nyinyi hamna dhiki hiyo.

Hatua ya 2: Chumba na saa

Baada ya isha, na si usiku wa kuamkia Ijumaa, kwani mtaa wa pili nao wana dhikri yao. Kunguru wamelala, vespa zimepungua. Chumba cha paa la bati kiepukeni kabisa. Manyunyu tu yanatosha kuvunja kazi. Sebule za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinapendeza lakini zina mwangwi, kwa hiyo tandikeni mabusati sakafu nzima.

Zimeni feni. Zimeni na friji, na funguo za vespa yako zitie ndani yake: hutaweza kuondoka ukaiacha imezimwa na samaki wa watu waoze.

Hatua ya 3: Vifaa

Rikoda ya betri yenye matundu manne ya maiki, mfano Zoom H6. Maiki mbili za kondensa za aina moja, zinazosikia zaidi upande wa mbele. Shure SM58 moja kwa msomaji. Stendi, nyaya, hedifoni ya kufunika masikio. Kompyuta ibaki nyumbani, feni yake inavuma na umeme wa kwetu unaujua. Rekodi WAV, biti 24, 48 kHz. MP3 ni ya kumtumia shangazi.

Hatua ya 4: Matari na maiki

Hapa ndipo usiku unapoishia. Tari la ngozi ya mbuzi likipigwa ndani ya chumba linawafunika watu wanane. Ukiisogeza maiki karibu na waitikiaji, unawapata wawili walio mbele yake na wengine wanapotea. Ukisema utayapunguza matari baadaye kwenye kompyuta, huwezi: yameshaingia ndani ya kila maiki. Yanapunguzwa mle mle chumbani, kabla hujabonyeza kitu.

Anza na ngozi. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu na ngozi inalegea, kwa hiyo wapigaji watataka kuyaotesha moto. Yaotesheni nje, yote kwa pamoja, na yarudi motoni kila mapumziko. Tari likipoa sauti inashuka, na ukija kuunganisha ubeti wa jaribio la kwanza na wa jaribio la tatu, sikio litashtuka kwenye tari kabla halijashtuka kwenye koo la mtu.

Kisha panga watu. Waitikiaji wapige magoti bega kwa bega kama kawaida, lakini safu ipinde kidogo mfano wa mwezi mchanga. Maiki mbili ziwe mbele yao, umbali wa mita mbili hadi mbili u nusu, juu kuliko vichwa vyao, zikiinamia vinywa. Vichwa vya maiki viachane sentimita 17 na vitanuke kwa nyuzi 110. Mpango huo ulitoka kwa mafundi wa redio ya Ufaransa na mimi sijaona uliouzidi kwa safu ya watu.

Matari yakae nyuma ya maiki, mita tatu zaidi, wapigaji wakiwatazama waitikiaji. Maiki za aina hii husikia vyema mbele na hafifu kisogoni. Wapigaji watanung'unika kwamba wametengwa. Waambie kuwa sasa wanaiona midomo ya waitikiaji, jambo ambalo ubavuni hawalipati.

Halafu kuna mwelekeo wa tari lenyewe. Sauti yake hutoka kwa nguvu upande wa ngozi na upande ulio wazi. Usawa wa mbao, ubavuni, inapungua sana, hasa ule mdundo mzito. Basi mpigaji aligeuze mpaka ubavu uelekee maiki. Lakini matari yenye visahani vya shaba yana ubishi wake: visahani viko huko huko ubavuni, na mlio wao mkali unaingia juu ya herufi za S na SH za waitikiaji. Bandika plasta kwenye nusu ya visahani, au tumia matari yasiyo na visahani kwa siku hiyo.

Bado kuna ukuta. Mdundo unakwenda kuupiga ukuta ulio nyuma ya waitikiaji na kurudi moja kwa moja kwenye uso wa maiki. Magodoro yasimamishwe hapo, si pengine. Nimeona watu wakiyapanga nyuma ya matari kisha wakashangaa hakuna lililobadilika.

Msomaji akae ncha ya safu, SM58 shibiri moja kutoka mdomoni, kisogo cha maiki kikiyaelekea matari.

Sasa rekodi dakika moja ya mwisho wa kasida, pale wanapochemka, si mwanzo. Kilele kisipite -12 dB. Toka nje na hedifoni usikilize. Matari yakizidi, yasogeze nyuma nusu mita. Upande wa kushoto wa safu ukififia, usogeze mbele. Sogeza watu, usisogeze vitufe.

Hatua ya 5: Kurekodi

Mpe msomaji sauti ya kuanzia kwa ala ya udi kila mara, kwani kikundi kikichangamka kinapanda bila ya kujijua, na majaribio yakianzia sauti tofauti hayaungani. Kila kasida mara tatu, basi. Tangawizi wakati wa kazi, haluwa baada ya kazi.

Hatua ya 6: Kukata na kumiksi

Reaper, programu ya kompyuta ya kukatia sauti, inatosha. Unganisha pale tu ambapo wote wamenyamaza kuvuta pumzi. Ondoa sauti zilizo chini ya 80 Hz kwenye maiki ya msomaji, na uicheleweshe: sauti hukata mita moja kwa milisekunde tatu hivi, kwa hiyo kama zile maiki mbili za kondensa ziko mita mbili u nusu kutoka kwake, ichelewe kama milisekunde saba. Usipofanya hivyo anasikika kama yuko chumba kingine.

Programu za kunyoosha sauti usiziguse. Zimewekwa kwenye noti 12 za kinanda, na sauti ya pili ya maqamu ya Bayati haimo humo, iko katikati. Programu itaivuta juu au chini na mzee yeyote atajua kuna kitu kimeharibiwa, hata asipokijua jina.

Hatua ya 7: Kutoa

Kasida ya zamani haina mwenyewe, lakini rekodi mliyoitengeneza ina haki zake, isajilini COSOZA, afisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Kama kasida mojawapo ina mtunzi anayejulikana, idhini yake au ya warithi wake itafutwe kwanza. Andikeni majina ya wote walioimba na mgawo wa mapato, kila mtu atie saini kabla ya senti ya kwanza kuingia. Mafaili ghafi yawekwe sehemu mbili, na hata moja isiwe simu ya msomaji.