Usizing'arishe sarafu zako za kigeni

Ukianza kukusanya sarafu za nchi mbalimbali, mikono itakuwasha uzing'arishe. Jizuie. Dawa ya meno, ndimu, siki, hata kusugua kwa kitambaa kikavu, vyote huchubua uso wa chuma. Mkusanyaji mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa mara moja: ukiigeuzageuza kwenye mwanga, unaona mikwaruzo myembamba kama nywele. Ule weusi wa fedha na ile kahawia ya shaba ni umri wake, uache.

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, maana kuponyoka zitaponyoka tu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali (mara nyingi ni PVC) iepuke, kwani baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata. Unyevu nao ni adui. Tia vijipakiti vya silika ndani ya sanduku.

Kupanga, anza na nchi, kisha thamani, kisha mwaka. Hapa ndipo penye utamu. Maandishi ya sarafu yakisema HELVETIA ni Uswisi, MAGYAR ni Hungaria, SUOMI ni Finland. Sarafu za Japani huhesabu miaka ya enzi ya mfalme, kwa hiyo mwaka wa 10 wa Heisei ni 1998. Ukikuta 1400 kwenye sarafu ya Saudia, usidhani umeokota hazina ya kale: ni mwaka wa Hijria, yaani 1979 au 1980. Yaandike hayo kwa penseli kwenye kikaratasi kabla hujaiweka sarafu mahali pake.